Shukrani ya Mdomo

Makambako wananiita Wakili. Njombe wananiita Malenga. Nyumbani, hapa mtaa wa Ramadhani, mke wangu ananiita "wewe", na kwa jinsi nilivyochoka miaka hii, hilo la tatu ndilo ninaloitika upesi.

Nina ofisi mbili, na usidhani najisifu, kwa sababu kila moja ni chumba kimoja. Ya Njombe iko juu ya duka la pembejeo, hivyo mafaili yangu yote yananuka dawa ya viazi. Ya Makambako iko Lyamkena, na upepo wa kule hauna habari kwamba mlango umefungwa; karatasi nazilaza mezani na kuziwekea jiwe. Jumatatu na Jumanne niko kule, siku zilizobaki niko huku. Natoka kwenye baridi naenda kwenye upepo, kisha nageuza. Magoti yangu yanaijua ile barabara kuliko dereva yeyote.

Sheria niliisomea. Ushairi niliupata kwa mama yangu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Jumapili mchana redio ya hapa hunipa dakika chache nisome beti zangu, na watu wakinikuta sokoni wananisimamisha wanishukuru, halafu papo hapo wananiuliza kuhusu mpaka wa shamba bila kunilipa. Kwa hiyo kazi zangu mbili zinakutana kwenye fungu la nyanya. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi naenda sokoni mapema kabla watu hawajajaa.

Lakini kuna shairi moja ambalo nikilikumbuka sicheki hata kidogo, na ndilo lililoniletea yule mama.

Kwetu ni Ipelele, kule juu Makete, mahali ambapo mtoto anavaa sweta kabla hajajua kutembea. Kwetu mgeni akikaribishwa chakula hasemi "sitaki". Hilo ni tusi. Anasema "nashukuru". Na anayekubali naye anasema "nashukuru" hiyo hiyo. Basi mwenye nyumba atajuaje? Mama yangu alikuwa anatazama mikono. Aliyeinyoosha amepokea. Aliyeificha ndani ya nguo amekataa, au ana njaa lakini anaona haya, na anataka aulizwe tena. Pale mama aliposhindwa kutambua, alikuwa anasimama na sahani yake anauliza kwa utani, "Hiyo ni shukrani ya mkono au ya mdomo?" Mgeni alicheka, na ukweli ukatoka.

Nilitunga shairi juu ya hilo, beti kumi na moja, nikalisoma redioni. Watu walilipenda. Wiki mbili nzima nilisikia wauza mitumba wa Njombe wakiulizana, "Ya mkono au ya mdomo?" Nilivimba kichwa, sitaficha.

Muda mfupi baadaye akaja yule mama. Alikuwa mjane, umri wake kama wa mama yangu angekuwa hai, amevaa koti la kiume juu ya kitenge, na buti za mpira zenye tope la bondeni. Alipanda ngazi zangu taratibu, akakaa, akapumua. Nikamwamkia, "Kamwene, mama." Akaitikia, akanitazama usoni.

"Wewe ndiye wa redioni?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nilisikia lile la mikono. Mimi nimeolewa huku, lakini nimezaliwa Makete. Nikasema, huyu ni wa kwetu. Huyu atanielewa hata nisiposema."

Kesi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Mumewe alipofariki alimwachia shamba lililoanza mlimani likashuka hadi bondeni. Juu kulikuwa na nyumba, miti ya misindano, na udongo mwekundu usiokuwa na shukrani. Chini kulikuwa na kinyungu, yaani ile bustani ya bondeni inayolimwa kwa matuta kiangazi, wakati kwingine kote ardhi imekauka kama ukoko. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anadai bonde lile ni la baba yao, na kaka yake alikuwa analima tu. Miaka yote hiyo hakudai. Alidai baada ya kila mtu Njombe kuanza kuota miparachichi, na miparachichi michanga inataka maji.

"Juu akichukua, achukue," mama aliniambia siku ile ya kwanza. "Nyumba nitajenga hata ya fito. Lakini kinyungu ndiyo mimi. Mwezi wa kumi, watu wakila dagaa mpaka wanawachukia, mimi nakula mboga mbichi. Nimelea watoto watano pale chini."

Nililiandika hilo. Liko kwenye faili hadi leo, kwa mkono wangu mwenyewe: "Kinyungu ndiyo mimi." Nililipigia mstari chini, si kwa sababu ya kesi. Nilililenga liwe kituo cha shairi.

Tulikwenda baraza la ardhi mara nne. Mara tatu iliahirishwa kwa sababu shahidi hakuja, mara moja kwa sababu mwenyekiti alikuwa na mafua, na baridi ya mwezi wa saba Njombe si ya kumlaumu mtu kwa mafua. Kila safari mama alitembea kutoka kijijini kwake alfajiri, akafika kabla yangu, akakaa kwenye benchi la nje na buti zake. Alikuwa ananiletea njegere kwenye mfuko wa rambo. Mimi nilikuwa nafika nikihema kutoka Makambako, tai imekaa upande, simu inaita. Nilikuwa na kesi nyingi kuliko nguvu. Hilo nalisema kama habari tu, maana nilivyolitumia kama udhuru limeshachakaa.

Siku ya tano ndiyo ninayoikumbuka. Siku hiyo hiyo, saa sita, kulikuwa na sherehe ya mkoa uwanjani, na mimi nilikuwa nimepangwa kusoma shairi mbele ya mgeni rasmi. Shairi lilihusu udongo. Nilikuwa nimelikariri garini njia nzima:

*Udongo ni mama yetu, hulea bila kuchoka,*
*asiyeulinda mtu, mwishowe atateseka.*

Mtunzi yeyote atakuambia kwamba lile neno "mtu" limechomekwa pale kuziba kina. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu una tabia ya kumwambia mtu kwamba inatosha.

Saa tatu na nusu tuliingia barazani. Wakili wa upande wa pili, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akasimama akasema mteja wake yuko tayari kwa suluhu. Mama abaki na eneo lote la juu, pamoja na nyumba na misindano. Shemeji achukue bonde. Kwa ukubwa, mama alikuwa anapata mara tatu ya shemeji. Nilipiga hesabu kichwani. Na nilipiga hesabu nyingine pia, ya saa: tukiafikiana, saa nne na nusu nimetoka. Nitapata hata muda wa kunywa chai na kulinyoosha koti.

Tulipewa dakika chache nje kuzungumza. Tulikaa kwenye lile benchi, mimi, mama, na mita mbili kutoka kwetu shemeji yake, ambaye hakuwa na adabu ya kusogea. Nilimweleza mama haraka haraka. Nilimwambia eneo la juu ni kubwa. Nilimwambia kesi zinaweza kwenda miaka. Nilimwambia, na hili linaniuma, "Mama, hapa tumepata."

Alimtazama shemeji yake, akatazama chini kwenye buti zake. Mwanamke wa kwetu hawezi kumkatalia ndugu wa mume machoni pake, mbele ya watu, mahali pa serikali. Afadhali alale njaa. Akasema, kwa sauti ya chini, "Nashukuru, mwanangu."

Mikono yake ilikuwa ndani ya kitenge. Niliiona. Sitasema sikuiona, kwa sababu naikumbuka mpaka leo ilivyovimbisha kile kitambaa pale tumboni, yote miwili. Niliona, nikafunga faili, nikasimama.

Ndani, mwenyekiti alikuwa mtu wa haki. Hakuishia kwa mawakili. Alivua miwani, akamgeukia mama moja kwa moja.

"Mama, umesikia makubaliano haya. Umeridhika?"

"Nashukuru, Mheshimiwa."

Mwenyekiti hakuwa mtu wa huku kwetu. Alikuwa amehamishiwa kutoka mikoa ya kaskazini. Neno lile lilimtatiza. Kalamu yake ilibaki hewani, akanigeukia mimi, mtu ambaye kazi zake zote mbili ni maneno.

"Wakili?"

"Ameridhika, Mheshimiwa," nikasema.

Ndivyo ilivyoandikwa. Mama aliweka dole gumba mahali nilipomwonyesha, wino ukabaki kidoleni, akaufutia kwenye koti. Saa sita nilikuwa uwanjani. Nilisoma shairi la udongo vizuri sana, sauti haikutetereka. Mgeni rasmi alinipa mkono. Nikiwa pale jukwaani nilishangiliwa na watu wengi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na nilirudi nyumbani nikalala usingizi mnono.

Nilikuja kujua mwezi wa kumi. Nilikuwa sokoni Njombe, mapema kama kawaida yangu, nikamwona mama yule anainama kwenye fungu la chainizi, anachambua majani. Nilifurahi. Nikasema kwa mzaha, "Mama, na wewe leo umeleta mboga kuuza?"

"Nanunua, baba," akasema.

Alisema bila lawama yoyote, kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Mwanamke aliyenipa njegere mara nne alikuwa ananunua mboga mwezi wa kumi. Nikamuuliza, kwa ujinga wa mtu anayejua jibu, kwani pale barazani hakuridhika?

"Nilikuambia nashukuru," akasema. Akalipa, akafunga mboga zake kwenye kanga, akaniaga vizuri.

Tangu siku hiyo sijaandika kitu cha maana. Redioni wakanipigia, nikawaambia koo linauma. Mke wangu, ambaye hadanganyiki, akaniuliza, "Wewe, una nini?" Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya viazi, kisha akasema, "Lile shairi la mikono ulitunga wewe mwenyewe."

Nilikasirika kwanza. Nilimkasirikia shemeji, nikamkasirikia yule kijana wa viatu, nikamkasirikia hata mama: kwa nini asiseme "hapana"? Neno fupi hivyo! Nimekaa mahakamani miaka zaidi ya ishirini nikiwafundisha mashahidi kujibu ndiyo au hapana. Halafu hasira iliponiishia nikakumbuka alivyoniambia siku ya kwanza. Hakuja kwangu kwa sababu mimi ni wakili mkali, wakali wapo. Alikuja kwa sababu alidhani kwangu hatalazimika kusema hapana.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sheria ina kijiko kidogo cha kuzolea. Suluhu iliyosajiliwa si rahisi kuivunja, ila inawezekana kwenda Mahakama Kuu kuomba muda uongezwe, kisha uamuzi upitiwe, iwapo kuna kiapo kinachoonyesha kwamba ridhaa haikuwepo. Kiapo hicho hakuna wa kukiapa isipokuwa mimi. Niliketi ofisini Lyamkena Jumanne moja, jiwe juu ya karatasi, upepo unapiga bati, nikaandika. Kwamba mimi ni wakili. Kwamba siku hiyo niliulizwa iwapo mteja wangu ameridhika. Kwamba nilijibu ameridhika bila kumuuliza. Kwamba nilikuwa na haraka. Nimeandika mashairi mengi katika maisha yangu, na hakuna hata moja lililonitoa jasho kama ile karatasi isiyokuwa na vina. Nilijua ikisomwa mahakamani, jina langu la Makambako limekwisha, na la Njombe litafuata. Nilisema acha liende, limenichosha.

Jumatano nikaenda kijijini kwake. Gari nililiacha juu barabarani nikashuka kwa miguu. Kutoka uani kwake bonde lote linaonekana. Matuta yalikuwa yamesawazishwa. Badala yake kulikuwa na mashimo yaliyopangwa mistari, na kila shimo lina mche wa mparachichi, mdogo, wenye majani mawili matatu, umefunikwa nyasi kuuzuia baridi. Sikujua niangalie wapi.

Mama alinitolea kigoda. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko, koti lile lile. Nilimsomea kiapo chote, polepole, nikamweleza kila mstari kwa lugha ya kwetu. Nikamwambia kosa ni langu na nimeliandika hivyo. Nikamwambia anahitaji kukubali tu, mengine nitayabeba mimi, na hatanilipa chochote.

Alisikiliza. Kuku alipita katikati yetu, mama akamfukuza kwa mguu.

"Nashukuru, mwanangu," akasema.

Safari hii nilitazama. Mikono ilikuwa ndani ya koti.

"Mama, sema tu. Hapa tuko wawili."

Akavuta pumzi. "Ukienda huko, yeye ataitwa tena. Miche yake imeshashika. Atang'oa? Hatang'oa, atanichukia. Watoto wangu wako Dar, wako Mbeya. Siku nikifa, ni wanawe yeye watakaochimba kaburi. Nimeshazeeka, siwezi tena kugombana, baba. Ungeniuliza siku ile, ningekuwa na nguvu."

Aliyasema bila kupandisha sauti, na kwa mara ya kwanza aliitoa mikono, akaipangusa magotini, akasimama kuingia jikoni. Nikabaki na kiapo changu mapajani. Nilitaka kulia, nami si mtu wa kulia. Nilikikunja mara mbili, nikakitia mfuko wa ndani wa koti, na mikono yangu nikaiacha humo humo mifukoni, kwa sababu ya baridi na kwa sababu sikujua niifanyie nini.

Alitoka na sahani. Viazi vya kuchemsha, vinatoa moshi, na pembeni mboga kidogo.

"Mboga ni ya sokoni," akasema. "Imesinyaa, utanisamehe."

Ningekulaje mboga ile? Ya kununua, mbele ya lile bonde?

"Nashukuru, mama," nikasema.

Hakuiweka chini sahani, wala hakuirudisha jikoni. Alisimama nayo mbele yangu, akaangalia mifuko ya koti langu, kisha akaniangalia usoni.

"Hiyo ni ya mkono," akaniuliza, "au ya mdomo?"

Hakuwa anatania, wala hakuwa ananisuta. Aliuliza kwa sababu hakujua, na akasubiri nimjibu.